Zile Picha Zilizokuwa Kwenye Begi Lako

Rukia mwanangu,

Naandika huku nikiisikia sauti yako uani, unawacheka shangazi zako wanaogombania nani akufungie chapati za safari. Nimewaambia kichwa kinanigonga. Kichwa changu ni kizima. Nimejifungia katika chumba cha unga, nimekaa juu ya gunia, na karatasi ninayoandikia ni mgongo wa mtihani wa jiografia wa mtoto nisiyemjua. Imetoka katika furushi langu la karatasi za kufungia sambusa. Kwa alama nyekundu ninazoziona upande wa pili, mtoto huyo na mito ya Afrika hawakupatana.

Sitakuandikia habari za neti, wala maji ya kuchemsha, wala kutowaachia watu simu yako. Hayo shangazi zako wameshayasema, na kesho watayarudia mlangoni hadi dereva apige honi. Mimi nina jambo moja tu. Nimelikalia miaka yote hii kama ninavyolikalia gunia hili, na leo mchana limenichoma.

Unajua ninachosema. Baada ya dua, Baba Mkubwa alisimama na soda yake mkononi. Nilijua atasema, kwa sababu hajawahi kuhudhuria shughuli akakosa kulisema.

"Huyu mutoto," akasema, "nyinyi mnakumbuka? Huyu ilikuwa mutoto ya picha. Mimi nilitoa picha kwa begi yake na hii mikono yangu. Leo Mungu amenyoosha yeye. Anaenda Mbarara kusoma mambo ya damu kwa maabara. Mungu iko mukubwa."

Watu wakacheka. Shangazi yako mdogo akaongeza kwamba huko chuoni usije ukachora wadudu wa malaria wakivaa suruali, wakacheka tena. Wewe ulicheka kwa adabu, umeinamisha kichwa, kama unavyocheka kila mara. Na mimi nilicheka, Rukia. Nilikuwa nimebeba sinia la wali, nikacheka mpaka wali ukatikisika.

Katika ua mzima, watu wawili tu walijua kwamba hujapenda picha hata siku moja. Tangu mdogo ulikuwa mtu wa hesabu. Kitabu cha katuni ukipewa unakitumia kuegemezea daftari. Mwenye picha ni mimi.

Umelijua hilo kabla ya mtu yeyote, na hujaniuliza. Kwa hiyo ngoja nikueleze lilivyoanza. Si kwa kujitetea. Nataka ujue ulichomezwa kilikuwa kitu gani.

Mimi nilizaliwa upande wa Kongo, wazee wetu walipokuwa wamekimbia vita. Babu yako, baba yangu, alikuwa ameacha bunduki na cheo chake huku Koboko, kule akawa anashona viatu. Herufi hakuzijua. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, cha amri na matusi, nacho ndicho alichotulea nacho. Siku moja alinunua sabuni ya mche, ikaja imefungwa kwa ukurasa wa katuni. Maneno yalikuwa ya Kifaransa, na sote wawili tulikuwa vipofu wa Kifaransa. Lakini picha zilikuwa katika visanduku, na baba aliweka kidole chake chenye gundi juu ya kisanduku cha kwanza, akakipeleka cha pili. Cha kwanza kilikuwa na mtu ameinua fimbo. Cha pili, mtu mwingine amelala chini na nyota zinamzunguka kichwa.

"Nani amepiga yeye?" akaniuliza.

Nikamwonyesha mwenye fimbo.

"Wewe umeona akipiga?"

Sikuona. Haikuchorwa. Baba akaweka kidole kwenye ule weupe mwembamba unaotenganisha visanduku, akasema, "Kitu imetokea hapa. Wewe ndiyo umepiga yeye." Akacheka sana, akarudi kwenye viatu vyake.

Tangu siku hiyo nikashikwa. Watu wanadhani anayependa katuni anapenda michoro. Michoro ni mizuri, sikatai, lakini mimi nilipenda ule weupe. Mchoraji anakupa mtu mlangoni, halafu anakupa mlango uliofungwa, na safari yote ya katikati anakuachia wewe. Hakuna kitabu kingine kinachomwamini msomaji namna hiyo. Ndiyo maana sizipendi zile za kwenye simu alizonionyesha binamu yako, ambazo kisanduku kimoja kinajaza kioo na unasukuma kwa kidole. Weupe umekwenda wapi? Sizipendi pia zile zinazogawiwa wakimbizi, za kunawa mikono, ambazo kila mtu anatabasamu na hakuna mwenye kosa. Jirani zangu wa Sudan Kusini huniletea nizifungie sambusa, nami nazifungia bila huruma.

Nilipoolewa Awindiri, pale Arua, nilianza kukaanga sambusa kwa ajili ya soko, na hapo ndipo nilipoangukia katika asali. Unayajua maisha ya karatasi za kufungia, umekua nazo. Wafanyabiashara wanazileta kwa mafurushi kutoka Ariwara, upande wa Kongo, zimechanganyika: mitihani, magazeti, mifuko ya saruji, na humo ndani, ukibahatika, kurasa za katuni za Kikongo. Kuna moja niliifuata miaka. Ilikuwa ya mama mnene muuza samaki na askari mwembamba anayemwandama kila ukurasa, na kila ukurasa mama anamponyoka. Nilikuwa naipata vipande vipande, leo katikati, mwezi ujao mwanzo. Ukurasa wa mwisho sikuupata. Mara moja nilimwona mwendesha boda akila sambusa yangu, na juu ya karatasi aliyoishika nikaona kofia ya yule askari. Nilimfuata hadi stendi kumwomba taka yake. Alinipa akidhani nina njaa. Ulikuwa ukurasa ninao tayari.

Karatasi zikilowa mafuta zinakuwa kama kioo. Unaona picha ya upande huu na ya upande wa pili kwa pamoja, askari amekaa juu ya kichwa cha mama. Zile safi nilizitoa kwenye furushi kabla ya kufungia, nikazificha chini ya debe la unga. Nasema nilizificha, kwa sababu nyumba ile haikuwa ya kuacha kitu kama hicho wazi. Muuza samaki yule alikaa baa, goti liko nje, chupa iko mezani. Na mimi nilikuwa mke wa mtoto wa watu wa msikitini. Isitoshe nilishaunguza maharagwe mara moja nikiwa nasoma, na bibi yako wa Awindiri akawaambia majirani, "Tumeoa mutoto, si mwanamuke." Baba yako alikuwa safarini Juba na lori, anakuja na kuondoka. Nilijua kosa moja zaidi na mabegi yangu yatatangulia Koboko kwa mama yangu. Huo ndio woga niliokuwa nao. Ulikuwa woga wa kweli, lakini nitakuonyesha nilimlipisha nani.

Siku ile ilikuwa ya kufunga shule. Ulirudi mchana, ukatundika begi lako kwenye msumari wa mlango wa jiko, ukaenda kuteka maji. Ilijulikana kwamba Baba Mkubwa anashuka kutoka Arua Hill kuja kula na kuitazama ripoti yako, maana yeye ndiye aliyeahidi kukupeleka ile shule ya bweni uliyokuwa ukiiota. Nilikuwa nimezitandaza kurasa zangu juu ya kinu nilichokipindua, nazipanga, mara nikamsikia bibi yako anakuja kutafuta sufuria kubwa. Debe la unga lilikuwa upande wake. Begi lako lilikuwa upande wangu.

Nilizisukumiza humo. Nikafunga zipu kwa mkono huu ninaoandikia.

Nilijiambia hakuna anayepekua begi la mtoto, nitazitoa kabla ya magharibi. Nilisahau shemeji yangu alikuwa mtu wa kazi gani. Miaka yote alifanya kazi ya forodha mpakani, na mikono ya mtu wa forodha haistaafu. Hata leo alipofika hapa unajua kitu cha kwanza alichofanya ni kumfungulia shangazi yako mkoba wake mwenyewe.

Wengine walikuwa wameketi mkekani. Mimi nilikuwa nimepiga magoti na birika na beseni, namnawisha bibi yako, kwa kuwa shemeji nilishamnawisha kwanza. Shemeji akakuita, akasema, "Leta ripoti." Ukaleta begi zima. Ungetoa ripoti mwenyewe ukampa, lakini alilichukua kutoka mkononi mwako. Ripoti ilikuwa imeshuka, na wewe na mimi tulijua imeshuka kwa sababu ya malaria iliyokulaza nusu ya muhula. Aliisoma, kisha akaingiza mkono tena ndani ya begi kama anayejua kuna kitu. Akaanza kuzitoa. Moja, nyingine, nyingine. Muuza samaki na goti lake akatandazwa mkekani mbele ya wazee.

"Hii makaratasi iko ya nani?"

Ulizitazama. Naamini ulinusa kabla ya kuelewa, maana zilikuwa zikinuka mafuta ya sambusa. Kisha ukainua macho ukanitazama mimi. Haukuwa mtazamo wa kushtaki. Ulinitazama kama mgeni anayeuliza njia: tupite wapi hapa, Mama?

Katika nyumba ile mke wa mdogo mtu hamsemeshi shemeji mkubwa mbele ya wazee mpaka yeye amwulize kwa jina. Ni heshima, niliifuata, na ina uzuri wake. Siku ile niliingia nyuma ya heshima hiyo nikajificha. Nikajiambia, sijaulizwa mimi, ameulizwa mtoto. Nikatazama maji.

"Iko yangu, Baba," ukasema.

Ulikuwa mtoto wa darasa la sita.

Bibi yako akanigutusha, "Wewe, maji! Umelala?" Beseni lilikuwa limejaa, linafurika magotini mwangu, na mimi bado namimina.

Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo ninapotaka kukufikisha. Ukiichora siku ile, itakuwa visanduku viwili. Cha kwanza, mzee ameshika karatasi anauliza. Cha pili, mtoto anajibu. Kila mtu wa ukoo wetu anavijua visanduku hivyo, wamevisimulia harusini na matangani. Ule weupe wa katikati hawajauona. Humo ndimo ulimonitazama. Humo ndimo nilimokuwa nimepiga magoti, nina ulimi, nina muda, maana kulikuwa na muda, Rukia. Nimejidanganya mara nyingi kwamba ilikuwa ghafla. Ulingoja. Ulinipa muda wa kutosha mtu kusema neno moja. Nilisoma weupe wa kurasa za watu maisha yangu yote, na wangu mwenyewe niliuacha mtupu ukaujaza wewe.

Yaliyofuata unayajua. Alikuamuru uwashe moto uani, uzichome kwa mkono wako, moja moja. Akasema mtoto wa picha hafai shule ya bweni. "Aende Koboko, kwa watu ya mama yake. Huko hakuna picha." Alipolisema hilo nilitamani kucheka na kulia. Koboko, ambako picha zote za Kongo zinapitia kabla hazijafika Arua! Yeye mwenyewe alikuwa amezipitisha mpakani kwa malori bila kuzijua. Lakini hakuna aliyeniuliza, na mimi nilishaizoea kazi yangu ya kutoulizwa.

Ukaja hapa kwa mama yangu. Wakasema shuleni hawana nafasi darasa la saba, ukarudishwa la sita, ukasoma tena yale uliyoyajua, mwaka mzima, bila kunung'unika. Nilikuja kukuona Idi. Nilikuletea nguo na viatu, nikijua vizuri kwamba sikuleta nilichopaswa kuleta. Jioni tulikuwa tunachambua mchele, sisi wawili tu. Ukaniuliza, umeinamia ungo, "Mama, uliupata mwisho?"

Nilielewa mara moja. Ulikuwa umeniona miaka yote nikiutafuta ule ukurasa wa mwisho wa muuza samaki. Ulikuwa umenifungulia mlango kwa upole ambao sijui umeurithi kwa nani, si kwangu. Ningesema tu, sijaupata, na tungekuwa tumeshasema kila kitu.

Nikasema, "Mwisho wa nini?"

Ukasema, "Basi, Mama." Ukaendelea kuchambua. Hujaniuliza tena. Ile siku ya begi nilikuwa na woga, naweza kuusingizia. Siku ya mchele hapakuwa na shemeji, hapakuwa na mkeka wala beseni. Palikuwa na mtoto wangu tu. Nikikesha usiku, ni mchele ule unaoninyima usingizi kuliko moto.

Na kuna jambo jingine, nalo ni chafu, lakini kama ni kufua tufue hadi pindo. Sikuacha. Utadhani mama aliyemchomesha mtoto picha zake angechukia kuziona. Haukupita muda mrefu, furushi jipya likafika sokoni, nikapekua, nikakuta muuza samaki. Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Wewe ulikuwa Koboko unarudia darasa, na mimi Awindiri nafurahia kupata ukurasa. Nikaukunja nikauficha. Hata baada ya baba yako kujenga hapa na sote kuhamia kwako, niliendelea, chini ya gunia hilihili. Sikuambii haya ili unichukie, ingawa ukinichukia kidogo itanipunguzia. Nakuambia kwa sababu nilikuwa nadhani aibu humbadilisha mtu yenyewe. Haimbadilishi. Unaweza kuona aibu miaka na miaka, asubuhi na jioni, na usisogee hata hatua. Mimi ni shahidi.

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilianza Awindiri, ikafika Koboko, na leo mchana ilikuwa bado inakwenda na sinia la wali kichwani.

Nimejaribu kukisia wewe ulifikiri nini ulipolibeba lile jina. Pengine ulidhani nikifukuzwa utabaki bila mama. Pengine ulijua. Mtoto anayesikia bibi yake akisema "tumeoa mutoto" anaelewa mengi. Kama ndivyo, ulinilinda, na mimi nikakaa chini ya ulinzi huo kama kuku chini ya kapu. Nilianza kukuogopa kidogo, unajua? Nilikuwa mkali kwako kuliko kwa ndugu zako, hasa ulipokuwa mwema. Ulipopasi mtihani wako wa mwisho, watu walipiga vigelegele, na mimi nikakugombeza kwa sababu ya ndoo iliyoachwa mlangoni. Ulifikiri nimechoka. Sikuwa nimechoka. Kila ukifaulu, nilikuwa naiona ile shule ya bweni ambayo hukwenda.

Huko uendako kuna siku utafanya kosa, maana u mtu. Sina ushauri wa jinsi ya kuepuka kosa, mimi si mtu wa kuulizwa hilo. Ninachokijua ni kidogo. Kosa langu lilikuwa dogo wakati lilipokuwa bado na harufu ya mafuta. Kurasa za katuni, mwanangu. Ningesema "iko yangu" siku ile, ningegombezwa, pengine ningerudishwa kwetu mwezi mmoja mpaka hasira zipoe, na leo tungekuwa tunalicheka wote. Kila mwaka niliokaa nalo liliota kitu, hadi likawa kubwa kuliko mimi. Ukijikuta umepiga magoti na beseni na mtu mwingine anaulizwa swali lako, usingoje uitwe kwa jina.

Nilikuwa nimepanga kukupa barua hii kesho, uifungue basi likishavuka mto. Ndivyo barua kama hizi zinavyotolewa. Nilipofika katikati ya ukurasa huu nikaona kwamba huo ni ujanja uleule. Wewe uko barabarani, mimi niko hapa, nimesema na sijasema. Kwa hiyo nitakupa leo kabla ya isha, na utaisoma mimi nikiwa bado karibu na unaweza kuja kunikemea.

Baba Mkubwa analala nyumba ya mbele. Nilifikiri kwenda kumgongea mlango nimwambie kwa siri. Angeniambia, "Basi, Mama Rukia, hiyo iko ya zamani," na asubuhi wote wangeamka wakikujua kwa jina lilelile. Lako lilisemwa mbele ya watu. Langu likisemwa kwa mnong'ono, hatutakuwa sawa.

Tena najijua. Nikiachiwa nianze mwenyewe mbele ya ukoo, sitaanza. Nitatafuta sinia la kubeba. Mimi nahitaji lile swali.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Nimeingia chumbani kwako ulipokuwa uani, nimefungua begi lako la safari. Juu kabisa, juu ya khanga na yale makoti meupe ya maabara uliyoshonewa, nimeweka kurasa zangu zote za muuza samaki, nilizozikusanya upya miaka yote hii, nimezifunga kwa uzi wa gunia. Ni mara ya pili naweka picha katika begi lako, na safari hii nakuambia. Kama hutaki, na una haki ya kutotaka, zitoe uziweke mezani karibu na birika. Nitakapozikuta hapo asubuhi nitaelewa, na nitatafuta namna nyingine ya kusema kabla hujapanda gari. Hilo nakuapia.

Lakini ukiziacha, unajua kitakachotokea. Asubuhi wote watakuwa uani, shangazi na chapati zao, baba yako na majirani. Baba Mkubwa ataleta gari karibu likupeleke kwenye basi, na kabla ya kulipakia begi mikono yake ya forodha haitaweza kujizuia. Atafungua zipu. Atazitoa, atazitazama, na uso wake utarudi kuwa ule wa Awindiri. Watu wataanza kucheka. Atauliza iko ya nani.

Wewe utakuwa umezoea. Mdomo wako utafunguka wenyewe, maana umenijibia kwa muda mrefu. Usijibu, Rukia. Ufunge. Hata nikichelewa, hata ukiona natazama chini, hata ukiniona nimeshika beseni, ngoja. Safari ile ulingoja nami sikuja. Ngoja tena mara hii moja.

Na ukwasi wangu wa katuni ukikufikia Mbarara salama, usiutupe. Ufungie chochote. Ukurasa wa mwisho bado sijaupata.

Mimi mama yako,
mwenye zile picha.